Goli la Kuazima

Jumatatu asubuhi, kabla mumewe hajaenda zamu ya mgodini, Nkandu alifagia uwanja wa nyumba, akatoa benchi la sebuleni, akaliweka chini ya dirisha la jikoni na kulifuta vumbi. Watu walikuwa wameshaanza kufika. Alikuwepo fundi viatu wa mtaa wa pili, walikuwepo akina mama wawili waliotoka kuchota maji, ndoo zao zikiwa bado zimejaa, na mzee mmoja ambaye Nkandu hakumfahamu, aliyesema ametoka ng'ambo ya reli. Walikaa kwenye benchi kama walivyofuatana kufika. Mumewe, Mubanga, akatoka ndani na mswaki mdomoni, shati likiwa wazi mpaka tumboni, akaketi juu ya kreti la bia lililopinduliwa. Fundi viatu akainama, akaweka sikio upande wa kushoto wa kifua cha Mubanga, akafumba macho.

Wengine walisubiri. Mama mmoja alitoa mguu kwenye ndala akajikuna. Baada ya muda fundi viatu alijipiga paja kwa kiganja, na wote wakajua kwamba goli limeingia.

"Ba Mubanga, Mungu akuweke," alisema akiinuka. "Nimesikia mpaka mpira unavyokwaruza wavu!"

"Nilikuwa nyuma ya goli kabisa," Mubanga alisema kupitia povu la dawa ya meno. "Ningenyoosha mkono ningemvuta kipa sikio."

"Na wewe, bamayo," yule mzee wa ng'ambo ya reli alimwambia Nkandu, "una bahati wewe. Unalala na goli ndani ya nyumba."

Nkandu alisema ndiyo, akaingia jikoni kukoroga uji.

Shafti Tatu, timu ya mji wa Lubembe, ilikuwa imetwaa ubingwa wa nchi kwenye uwanja mkubwa wa Ndola, miaka thelathini na moja baada ya ubingwa wake wa mwisho. Watu waliojaza mabasi kwenda kuiona walirudi jioni ile ile wakiwa wamekaukiwa na sauti. Kesho yake, wake na waume na watoto waliowaegemea walianza kusikia kitu. Kila aliyekuwemo uwanjani alikuwa amerudi na goli kifuani. Lilianza dakika chache kabla ya kona iliyozaa goli, likapanda mpaka watu wakalipuka, likaishia kwenye filimbi ya mwisho, likanyamaza kidogo, kisha likaanza upya. Hakuna kifua kilichofanana na kingine, kwa kuwa kila kimoja kilihifadhi yale tu yaliyoingia masikioni mwa mwenyewe kutoka kwa wengine. Sauti yake yeye haikuwemo. Waliokaa karibu na ngoma walikuwa na ngoma nyingi. Askari aliyelinda lango alikuwa na kelele za mbali na mtu mmoja aliyekuwa akimbembeleza amwingize bure.

Mganga wa zahanati alimpima mmoja wao kwa chombo chake, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema mapafu ni safi, kisha akaomba kusikiliza tena. Kanisani, wakati wa sala ya kimya, goli lilifungwa kutoka mabenchi tofauti tofauti, na padre akaona aweke wimbo mahali pale. Diwani, ambaye alikuwa amemweleza kila mtu jinsi alivyokaa jukwaa la wakubwa, alianza kuvaa koti lililofungwa vifungo vyote katika joto la Oktoba, na mtu akimkaribia alikohoa na kusema ana mafua.

Wasiokwenda Ndola walianza kuwatazama waliokwenda kama watu wanavyomtazama jirani mwenye bomba la maji ndani ya nyumba. Waliwasalimia vizuri sana. Waliwapelekea maboga. Walipowaacha na kufika kwao, walifunga mlango na kusema huyu naye goli amelipatia wapi, hata majina ya wachezaji hayajui.

Nkandu alikuwa mmoja wa hao, isipokuwa kwamba yeye alimtazama hivyo mumewe mwenyewe, na mlango wa kufunga ulikuwa mmoja.

Mwaka wa ubingwa ule wa zamani alikuwa na miaka mitano. Baba yake, mzee Lwimba, aliyefanya kazi chini kabisa ya mgodi, alimbeba mabegani mpaka kwenye mechi, na filimbi ya mwisho ilipolia alikimbia naye kuingia uwanjani pamoja na umati wote. Katika kukimbia kule kiatu chake cha kushoto kilichomoka. Hakurudi kukitafuta. Tangu siku hiyo alihudhuria kila mechi akiwa amevaa kiatu kimoja cha kahawia na kingine cheusi, na akiulizwa alisema kiatu chake amekiacha kwa timu, timu itamrudishia ikichukua kombe tena. Timu haikuchukua. Ilishuka daraja, ikapanda, ikashuka tena. Kuna msimu ilicheza kwenye uwanja wa shule, mbuzi wakipita katikati, na mzee Lwimba na binti yake walikuwa wamesimama pembeni, wawili peke yao na mlinzi wa shule. Alifariki akiwa na redio kitandani, Shafti Tatu wakiwa nyuma mabao mawili. Baada ya mazishi Nkandu aliendelea kwenda peke yake. Sokoni, kwenye meza yake ya mitumba, jezi za timu nyingine hakuziuza. Alizikata akafungia mizigo.

Mubanga hakuwa mtu wa Shafti Tatu. Yeye alikuwa fundi umeme wa mgodi, aliyeshabikia timu moja ya Uingereza na kuwaita Shafti Tatu timu ya wazee. Baba yake mzazi alikuwa mzee wa kanisa aliyeishi na kufa akiamini kwamba mpira ni dhambi ndogo inayoifungulia mlango dhambi kubwa. Habari ya kiatu Nkandu alimsimulia walipokuwa wachumba, siku moja wamekaa kwenye ngazi za ukumbi wa mgodi wakila mihogo mibichi na karanga. Mubanga alisikiliza huku anatafuna. Nkandu alipomaliza, alisema mihogo ile ni mizuri, akauliza ameinunua kwa nani.

Wiki ya mechi ya Ndola, mgodi uliwagawia wafanyakazi tiketi. Mubanga alirudi nyumbani akasema amepata moja.

"Basi nipe mimi," Nkandu alisema.

"Imeandikwa jina la mfanyakazi. Watakurudisha getini." Alivua buti akaziweka pembeni. "Halafu mama na presha yake. Nani atakaa naye?"

"Dada yako."

"Dada yangu yuko Kabwe, unajua. Wewe utasikiliza kwenye redio, mke wangu. Redio unaijua kuliko mimi."

Kwa hiyo Nkandu alikaa na mama mkwe wake na redio. Ilipobaki muda mdogo, timu hazijafungana, mama mkwe aliomba maji ya kumezea kidonge. Nkandu alikuwa nyuma ya nyumba, mkono ndani ya pipa la maji, aliposikia mtaa mzima ukipiga kelele. Alirudi ndani akikimbia, maji yanamwagika.

"Nafikiri kuna kitu kimetokea," mama mkwe alisema.

Ndiyo maana Mubanga aliporudi, na ilipojulikana kwamba kifua chake ni kimoja cha vifua bora mjini, Nkandu hakukigusa. Mubanga alimwita mwenyewe. "Njoo basi usikie, nawe ndiye mwenye timu."

"Sitaki goli la kuazima," Nkandu alisema.

Wiki zikapita. Kila asubuhi alitoa benchi, kila asubuhi alilirudisha ndani. Mashati ya Mubanga yalikuwa na madoa ya mafuta ya nywele upande wa kushoto, ya wanawake wa mtaa mzima, naye aliyafua na kuyaanika. Majirani walimwuliza haoni wivu. Aliona, ila haukuwa wa wale wanawake. Alimwonea wivu mumewe kifua chake. Alipomkuta anajikuna pale kizembe, huku anatazama ligi ya Uingereza, ilimbidi atoke nje.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Mubanga alilala kwenye mkeka barazani. Mama mkwe alikuwa amekaa kando akimenya karanga. Nkandu aliosha vyombo, akakausha mikono, akapiga magoti kwenye mkeka, akaweka sikio.

Alisikia kwanza vuvuzela, na mtu akiuza mayai ya kuchemsha. Mtu mwingine nyuma alikuwa akimtukana refa kwa heshima, akimwita baba. Kisha, karibu kabisa na sikio, ikasikika sauti ya mwanamke.

"Endelea bwana," ilisema. "Baba yako akafanyaje na hicho kiatu?"

Hapo palikuwa na pengo, pengo refu, vuvuzela tupu. Hapo ndipo Mubanga alipokuwa anazungumza.

"Maskini mzee," ilisema ile sauti. Ilikuwa inavuta kamasi. "Na kingine kikawa cheusi? Kila mechi?" Pengo lingine. "Ee! Kona hiyo. Shika mkono wangu, mimi siangalii."

Halafu goli likaingia. Lilikuwa goli zuri. Nkandu alilisikia lote, wavu, watu, mabenchi yanavyovunjika, mtu akiliita jina la mama yake, na hakuinua kichwa mpaka filimbi ya mwisho.

Sauti ile hakuna asiyeijua Lubembe. Ilikuwa ya Exilda, mwalimu wa udereva, na kila siku ilipita sokoni kupitia dirisha la gari dogo jeupe: Breki! Nimesema breki, sijasema honi!

"Umesikia," mama mkwe alisema, akipuliza maganda ya karanga.

"Wewe ulisikia lini, mama?"

"Kesho yake tu. Mimi nilikuwa wa kwanza."

"Na hukuniambia."

"Ni mwanangu," alisema mama mkwe. "Na hata hivyo inapita haraka, halafu goli hilo linakuja."

Mubanga alifumbua macho. Alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akaanza kufunga vifungo vya shati kutoka chini.

"Tiketi zilikuwa ngapi?" Nkandu aliuliza.

"Mbili. Lakini mama alikuwa anaumwa, hilo sikudanganya."

"Na kiatu cha baba yangu?"

"Kiatu gani? Uwanja mzima ule, kila mtu ana kiatu."

"Exilda anakuuliza, baba yako akafanyaje na kiatu. Wewe unamjibu nini?"

"Utajuaje?" Mubanga alisema, bila hasira. "Weka sikio mwaka mzima, mimi simo humu. Ndivyo vifua hivi vilivyo."

Ilikuwa kweli. Akavaa viatu akaenda kuangalia mpira kwa rafiki yake.

Jumatatu Nkandu hakutoa benchi. Watu walikuja wakakaa chini. Sokoni, Loveness, aliyeuza dagaa meza ya pili, alimwona anavyozipanga sketi akajua.

"Umeshasikia, dada."

"Nawe pia?"

"Mimi mara tatu. Nne." Loveness aliwafukuza nzi kwenye dagaa kwa gazeti. "Tulisema atasikia mwenyewe. Sasa ungetaka nani aje akwambie, halafu Ba Mubanga afunge shati, sisi goli tukalisikie wapi?"

"Kwa hiyo soko zima."

"Soko zima hapana. Wale wa viazi hawaji kwenu, wana wa kwao." Akaligeuza gazeti. "Lakini mwanamke yule ana roho. Analia kabisa kwa ajili ya mzee wa watu."

"Mzee wa nani?"

"Si ndiye baba yake Mubanga?"

Nkandu alifunga mzigo wa mitumba kwa kipande cha jezi, akamwachia Loveness meza, akaenda.

Exilda alikaa kwenye nyumba za zamani za mgodi, zenye veranda pana na bati jekundu. Gari jeupe lilikuwa uani, milango yote wazi, mikeka ya miguuni imeanikwa juu ya ua wa miti. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ngazi anakula hindi la kuchoma. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mwenye mikono ya mtu aliyezoea kunyakua usukani wa wengine. Alipomwona Nkandu aliweka hindi kwenye sahani na kufuta midomo.

"Nimekungoja siku nyingi," alisema. "Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kusikiliza."

"Kwenu si liko?"

"Kwetu yeye hayumo," Nkandu alisema.

Exilda aliwaza kidogo, akaelewa. Akaingia ndani, akalala chali kwenye kochi, akafungua vifungo viwili vya blauzi na kugeuza uso upande wa ukuta. Nkandu alipiga magoti kwenye zulia. Mwanamke yule alinukia sabuni, na kwa mbali petroli. Ngozi yake ilikuwa na joto, na Nkandu alilazimika kuweka sikio pale pale.

Vuvuzela zilikuwa zile zile. Mtu wa mayai alisikika kwa mbali zaidi. Na Mubanga alikuwemo, karibu, karibu kuliko Nkandu alivyomzoea.

"Nilikuwa na miaka mitano," Mubanga alisema. "Baba alinibeba mabegani. Mimi nimemshika kichwa hivi, nywele zake zinanukia grisi ya mashine, mikono yangu yote ikawa grisi."

Grisi ile Nkandu alikuwa ameisahau. Alikumbuka sasa kwamba ni kweli, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia, kwenye ngazi za ukumbi, huku Mubanga anatafuna mihogo. Kumbe Mubanga alikuwa amesikia kila neno. Alisimulia jinsi kiatu kilivyochomoka, alisimulia cha kahawia na cheusi, uwanja wa shule, mbuzi, redio kitandani, na hapo kwenye redio sauti yake ilikatika na ikabidi aanze tena. Alisimulia polepole, bila kuruka kitu. Nyumbani Mubanga hakuwahi kusimulia chochote kwa urefu ule.

Kulikuwa na pengo fupi. Exilda alikuwa anauliza kitu, ambacho kwenye kifua cha Mubanga kilimezwa na vuvuzela.

"Yule?" Mubanga alijibu. "Yule mpira kwake ni kelele tu. Yeye na mitumba yake."

Kisha kona. Kisha goli, na katika kifua kile goli lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu Mubanga alipiga ukelele ndani ya sikio la Exilda, ukelele wa mtoto aliye juu ya mabega ya mtu, ambao Nkandu hakuwahi kuusikia katika ndoa yao yote.

Filimbi ilipolia Nkandu aliinuka, akakunjua kitenge magotini. Exilda alifunga vifungo vyake.

"Yule baba ni wangu," Nkandu alisema.

Exilda aliketi. Alitazama mikono yake.

"Mzee wa kiatu?"

"Anaitwa Lwimba. Mtoto wa mabegani ni mimi. Baba yake Mubanga alikuwa anachoma mipira ya watoto mtaani."

"Nimemlilia mzee yule," Exilda alisema. "Nimelia mpaka nyumbani. Nilifikiri, mtu aliyelelewa na baba kama yule hawezi kuwa mtu mbaya."

"Umelia vizuri. Nimesikia kwenye kifua cha yule."

"Sikujua, dada."

"Sasa unajua."

"Sasa najua." Exilda alichukua sahani yenye hindi, akaitazama, akairudisha. "Lakini alisimulia vizuri," alisema.

Nkandu alikubali kwamba alisimulia vizuri.

Mwezi wa Novemba tawi la mashabiki wa Shafti Tatu lilifanya mkutano wa kuchagua mwenyekiti, katika ukumbi wa mgodi. Kulikuwa na wali na kuku, na mapipa mawili ya munkoyo, kinywaji cha mahindi. Akina mama walipika tangu asubuhi, Nkandu akiwa miongoni mwao. Mubanga alikuwa mgombea. Aliposimama kuomba kura hakuzungumzia michango wala mabasi. Alisema, nilikuwa na miaka mitano, baba alinibeba mabegani. Wazee waliotoka mgodini zamani walivua kofia. Alipofika kwenye redio kitandani, fundi viatu alitoka nje kujifuta macho na kurudi.

Nkandu aliweka mwiko juu ya kifuniko cha sufuria akasimama.

"Habari hiyo ni ya baba yangu," alisema. "Mzee Lwimba, wa chini ya ardhi. Wengine hapa mmemzika."

Watu wawili watatu waliinamisha vichwa, kwa kuwa walikuwa wamemzika. Msimamizi wa uchaguzi, mwalimu mstaafu mpole, alishuka jukwaani akamjia.

"Ba Nkandu, tunakuheshimu sana," alisema. "Ulikuwepo Ndola?"

"Hapana."

"Hukuwepo."

"Nilikuwa nachota maji ya mama yake."

"Basi tufanye haki," alisema msimamizi. Akamwita mama mmoja mzee, aliyeaminiwa na wote kwa masikio yake, naye akaja akiburuta miguu, akaweka sikio kwenye kifua cha Nkandu mbele ya watu. Alisikiliza muda wa kutosha. Watu walimsubiri. Mtoto alilia, akapewa mfupa wa kuku.

"Moyo tu," mama mzee alisema.

Watu walisikitika kwa dhati. Mmoja alisema pole, mmoja alimletea kiti. Kisha msimamizi, kwa kuwa alitaka kumaliza jambo lile vizuri, alimgeukia mama yake Mubanga aliyekuwa amekaa safu ya mbele na sahani mapajani.

"Mama, wewe ndiye unayejua. Marehemu mumeo alikuwa anavaa viatu gani?"

Mama mkwe alimeza kilichokuwa mdomoni. Alimtazama mwanawe kule mbele, shati jeupe, limepigwa pasi na Nkandu.

"Alivaa viatu," alisema.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Exilda alikuwa amesimama karibu na mlango, funguo za gari mkononi. Mkono wake ulibaki chini kwa muda, watu waliokuwa karibu naye waliona hilo, kisha ukapanda kama wa wengine. Mubanga akawa mwenyekiti. Alishukuru, akafungua shati, na waliokuwa wametoka vijiji vya mbali walijipanga kusikiliza kabla chakula hakijapoa. Nkandu aligawa wali.

Walirudi nyumbani watatu, yeye, mume na mama mkwe, na njiani mama mkwe alisema kuku alikuwa na chumvi nyingi. Msimu mpya ulipoanza, Shafti Tatu walifungwa mechi ya kwanza na ya pili. Mubanga alikwenda kwa basi la tawi, kiti cha mbele. Kwenye kiatu chake cha kushoto alikuwa ameanza kufunga kamba nyeusi, cha kulia kamba ya kahawia, na watoto wa mtaani walimwiga.

Nkandu aliacha kulala upande ule wa kitanda ambako goli lilisikika. Lakini kila Jumamosi alasiri, kwa kuwa siku nyingine Mubanga alikuwa na desturi ya kupita kwa Exilda, alifunga meza yake mapema na kwenda kwenye nyumba ya bati jekundu. Hawakuwa marafiki. Exilda hakumpa chai, na Nkandu hakuuliza juu ya kofia ya mgodi iliyoning'inia nyuma ya mlango, ingawa kila mara aliitazama kwanza ili kuona kama imesogea. Exilda alilala kwenye kochi na kugeukia ukuta. Wakati mwingine alisoma kitabu cha alama za barabarani huku Nkandu amepiga magoti, na kurasa ziligeuka juu ya kichwa chake.

Hakukuwa na mahali pengine duniani ambapo mzee Lwimba alikuwepo siku ile. Alikuwepo hapo tu, katika sauti ya mtu aliyemwiba, ndani ya kifua cha mwanamke yule, kati ya mayai ya kuchemsha na ile kona. Nkandu alimsubiri. Na kila mara Mubanga aliposema nilikuwa na miaka mitano, chini ya vuvuzela na kelele zote za Ndola, Nkandu alisikia moyo wa Exilda wenyewe, ule wa leo, wa hapo kwenye kochi, ukianza kwenda mbio. Alikaza meno. Hakuondoa sikio. Alisubiri moyo ule utulie, kwa sababu ukienda vile ulimzibia sauti ya wavu.

"Umefika wapi?" Exilda aliuliza, macho kitabuni.

"Nyamaza," Nkandu alisema. "Wanapiga kona."